Kuku mgeni wa seva na kamba yake mguuni

Haya wandugu, leo siandiki siasa wala mpira. Leo naandika kuhusu seva. Usikimbie kwanza! Najua wengi wenu mkisikia neno seva mnaona chumba chenye baridi kali, nyaya nyingi na kijana mmoja asiyependa kusalimiwa akiwa kazini. Nivumilie. Jambo hili linamhusu hata yule ambaye hajawahi kuandika amri moja ya Linux, hasa kama amewahi kumtumia mwandishi wa habari nyaraka ambazo hakutakiwa kumtumia.

Ilianza kwa minong'ono. Ofisini kwetu zilisambaa habari kwamba uongozi unataka kusimika "wakala wa ufuatiliaji" kwenye seva zote za gazeti. Sasa, liweke neno "ufuatiliaji" kwenye chumba cha habari cha Dar es Salaam halafu uone. Dada mmoja wa dawati la mahakama, ambaye ni mwandishi tangu mimi niko shule ya msingi, alinivuta pembeni akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe uliyesoma juzijuzi, hicho kitu kitasoma na barua pepe zetu?" Jamaa wa michezo akaanza kuhamisha picha za harusi yake kutoka kwenye seva ya mafaili. Mpiga picha akasema yeye alishajua siku nyingi. Wapiga picha siku zote huwa wameshajua.

Mimi nalipwa kuuliza maswali. Nikachukua kiti, nikaenda kukaa kwa fundi wetu wa kompyuta. Nikamwambia, "Kaka, nionyeshe mwanzo hadi mwisho. Sitaki maneno makubwa." Akacheka, akasema nimletee chapati mbili na chai ya maziwa. Nikaleta.

Kwanza, kwa nini anahitajika? Miezi michache nyuma tovuti yetu ilizimika usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Kumbukumbu za seva zinasema tatizo lilianza saa 23:40. Lakini seva yetu inasoma saa za UTC, na sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo hapa ilikuwa 02:40, ambayo kwa saa yetu ya Kiswahili ni saa nane na dakika arobaini usiku. Saa tatu tofauti kwa tukio moja! Tulikuja kujua saa mbili asubuhi, na aliyetuambia si mfanyakazi wetu bali msomaji aliyeko Oman aliyetuma ujumbe akiuliza kama tumefungiwa. Saa tano na dakika ishirini gazeti halipo hewani, na sisi tumelala fofofo.

Tulikuwa hatujafungiwa na mtu. Diski ilikuwa imejaa. Kila usiku seva inatengeneza nakala ya akiba ya hifadhidata, na hakuna aliyeipangia kufuta nakala za zamani. Diski ikijaa, hifadhidata haiwezi kuandika chochote, na tovuti inayotegemea hifadhidata inaanguka nayo. Kinachouma ni kwamba diski haijai ghafla kama daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Inajaa polepole, siku kwa siku, na yeyote ambaye angeiangalia wiki mbili kabla angeona inakoelekea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ili uzibe ufa lazima kwanza uwepo mtu wa kuuona.

Huyo mtu ndiye wakala. Siyo wakala wa kutoa na kuweka pesa, ingawa kibanda chake nacho kiko kila kona. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya seva, inapima vitu, na inapeleka vipimo kwenye seva nyingine inayovihifadhi, kuchora grafu na kupiga kelele mambo yakiharibika. Mfano wa nyumbani ni mita ya LUKU. Mita haikuongezei umeme, inakwambia tu kwamba yuniti zimebaki tatu, uamue mwenyewe kama utanunua au utalala giza.

Zipo za aina nyingi. Nagios ni ya zamani: Ethan Galstad aliitoa mwaka 1999 ikiitwa NetSaint, jina likabadilika baadaye. Zabbix ilianzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia, na ilitoka hadharani mwaka 2001. Prometheus ilizaliwa mwaka 2012 ndani ya kampuni ya muziki ya SoundCloud. Hizi zote ni programu huria, unaweza kusoma msimbo wake. Halafu kuna huduma za kulipia kwa mwezi, ambazo vipimo vyako vinakwenda kukaa kwenye mitambo ya kampuni husika, mara nyingi nje ya nchi.

Nikamuuliza fundi, anapimaje? Jibu lake lilinifurahisha. Linux ina folda inaitwa /proc. Ukiitazama unaona mafaili, lakini hayako kwenye diski. Kiini cha mfumo kinayatunga pale pale unapoyasoma. Ukifungua /proc/meminfo unapata hali ya memori. Ukifungua /proc/loadavg unapata namba tatu zinazoonyesha wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya wakala si uchawi. Anasoma ubao wa matangazo ambao Linux yenyewe imeubandika, kisha anapeleka ripoti. Yaani ni mwandishi wa habari! Tofauti ni kwamba yeye hana posho wala haombi nauli.

Tatizo letu lilianzia hapo.

Pendekezo la kwanza lilikuwa huduma ya kulipia. Kusimika kwake ni amri ya mstari mmoja: unainakili kutoka kwenye ukurasa wao, unaibandika kwenye seva, inapakua faili kutoka mtandaoni na kuiendesha papo hapo kwa mamlaka ya root. Kwa wasiojua, root ndiye mwenye nyumba. Anafungua kila mlango, anasoma kila faili, anafuta chochote. Dakika mbili kazi imekwisha. Uongozi ulipenda, na siwalaumu, maana nani hapendi kitu cha dakika mbili?

Mimi nikauliza swali la kiandishi: huyu akishaingia, atasoma nini, na atampelekea nani?

Fundi akafungua orodha. Asilimia ya prosesa, memori, diski, mtandao. Sawa. Orodha ya programu zinazoendeshwa. Nikamwambia subiri. Kumbe kwa kawaida kwenye Linux mtumiaji yeyote anaweza kuona programu za wenzake zinazoendeshwa pamoja na amri nzima iliyoandikwa. Mtu akiandika amri yenye jina la faili, na jina la faili likiwa na jina la chanzo chake cha habari, jina hilo linaonekana. Halafu cha mwisho: kumbukumbu za seva ya tovuti. Huduma ile ilijisifu kwamba itazikusanya zote na kuzipanga vizuri ziwe rahisi kutafutika.

Hapo chai ilinipoa mkononi.

Gazeti letu lina ukurasa ambao msomaji anaweza kututumia taarifa na nyaraka bila kuandika jina lake. Kuna mtu mmoja aliyewahi kututumia nyaraka kupitia ukurasa ule. Sitasema zilihusu nini wala lini. Nasema tu kwamba hakuandika jina, na sisi hatukulitaka. Lakini seva ya tovuti kwa desturi yake huandika mstari kwa kila anayeingia: anwani ya IP, saa, ukurasa aliofungua, aina ya simu au kompyuta yake. Hakuandika jina, lakini nyayo zake ziko pale mchangani. Sasa tunataka kuzikusanya nyayo hizo na kuzisafirisha kwa kampuni tusiyoijua, tukailipe na pesa juu yake?

Utaniambia naota ndoto mbaya mchana. Mwezi Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa hapa Dar es Salaam, na miongoni mwa mashtaka aliyofunguliwa lilikuwa la kuzuia uchunguzi wa polisi, baada ya kukataa kutoa taarifa za wanachama wa mtandao wake. Sheria iliyotumika ni ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa hiyo swali la nani aliandika nini, akiwa wapi, si nadharia ya darasani kwetu. Nchi hii imewahi kumpandisha mtu kizimbani kwa ajili yake. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu na mipaka. Taarifa ambayo hukuikusanya haiwezi kuibiwa, haiwezi kuvuja, na hakuna atakayekulazimisha kuitoa.

Nikaenda kwa mhariri. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Naomba dakika tano kuhusu ile programu." Akanijibu marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza habari ya ukurasa wa taarifa na nyayo zake. Macho yakainuka. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo tukae bila mlinzi?" Nikasema hapana mzee. Tumwajiri mlinzi, ila tumchagulie vyumba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaandikeni mnachotaka, mniletee ukurasa mmoja. Mmoja!"

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi ukurasa wetu ulikuwa kuhusu hiyo kamba.

Tulichagua Zabbix, na vipimo vikae kwenye seva yetu wenyewe. Fundi alisisitiza iwe seva ya nne, ndogo, iliyo mahali tofauti na zile tatu. Mlinzi hawezi kupiga kelele akiwa ndani ya nyumba inayoungua. Kisha akasimika wakala kwenye kila seva ya Ubuntu, nami nikiwa pembeni na daftari langu.

Hatua zenyewe si nyingi. Unaongeza hazina rasmi ya Zabbix ili vifurushi vije na saini ya wenyewe badala ya kuokoteza mstari mtandaoni. Unasimika kifurushi cha zabbix-agent2 kwa apt. Unafungua faili la mipangilio, unaandika anwani ya seva inayoruhusiwa kumuuliza maswali, na jina la mashine. Jina hilo lifanane herufi kwa herufi na lile uliloandika upande wa pili, la sivyo vipimo ambavyo wakala anavituma mwenyewe havitapokelewa. Unaweka ufunguo wa siri ili mazungumzo yao yasisikilizwe njiani, kitu ambacho Zabbix imekuwa nacho tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016. Mwisho unafungua mlango namba 10050 kwenye ukuta wa moto, lakini kwa anwani moja tu, ya seva yetu ya nne. Dunia nzima iliyobaki ikibisha hodi, hakuna atakayeitika.

Kamba yenyewe ina fundo tatu.

Fundo la kwanza: wakala haendeshwi na root. Anaendeshwa na mtumiaji wake mwenyewe asiye na cheo, anayeitwa zabbix. Kwenye Ubuntu kumbukumbu za nginx zinasomwa na kundi linaloitwa adm, na zabbix hayumo kwenye kundi hilo. Miongozo mingi mtandaoni inakuambia umuingize ili mambo yawe rahisi. Sisi tulimwacha nje.

Fundo la pili: wakala huyu anaweza kuombwa asome yaliyomo kwenye faili, mradi mtumiaji wake ana ruhusa ya kulifungua. Fundi akaandika orodha ya maswali ambayo wakala anaruhusiwa kujibu: diski, memori, mzigo, mtandao, kama hifadhidata iko hai. Mstari wa mwisho akaandika DenyKey=*, maana yake chochote nje ya orodha asijibu. Mpangilio una maana, kwa sababu kanuni zinasomwa kuanzia juu kwenda chini. Hata mtu akiiteka ile seva ya nne na kumuuliza wakala kuhusu mafaili ya waandishi, atapata ukuta.

Fundo la tatu halikuwa la wakala kabisa. Tulizima uandikaji wa kumbukumbu kwa ule ukurasa wa taarifa. Mtu akiingia pale, nginx haiandiki mstari. Hili tungeweza kulifanya siku nyingi, na ni ujio wa mgeni uliotufanya tufagie nyumba. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wapo watakaosema hofu yote hii ya nini, hizi ni programu za kampuni kubwa. Kwanza, huyo wa kwetu naye ni mgeni, na kamba ni kwa mgeni yeyote. Pili, ukubwa si kinga. Desemba 2020 iligundulika kwamba wadukuzi walikuwa wameingiza msimbo wao ndani ya masasisho ya Orion, programu ya SolarWinds ya kufuatilia mitandao na seva. Kampuni ilisema wateja wasiozidi 18,000 huenda walipakua masasisho hayo. Miongoni mwa waliopenyezewa ilikuwa Wizara ya Fedha ya Marekani, na Aprili 2021 serikali ya Marekani iliishutumu rasmi idara ya ujasusi wa nje ya Urusi. Wale watu hawakuruka ukuta. Walipitia kwa mlinzi, kwa sababu mlinzi ana funguo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na si lazima awe mwizi. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa wakala wake wa usalama, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows zikaanguka. Ndege zikabaki chini, hospitali zikaahirisha miadi. Hakuna aliyedukua kitu. Ni wakala aliyepewa mamlaka makubwa ndani kabisa ya mfumo, halafu akajikwaa akiwa amebeba nyumba nzima. Wenye Linux walicheka siku ile. Mimi nisingecheka, maana kilichoangusha mashine ni mamlaka aliyopewa mgeni, na mamlaka hayo unaweza kuyatoa kwenye mfumo wowote.

Sasa tuongee kuhusu kimya, kitu ambacho kimenifundisha zaidi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani. Mtakumbuka ile siku, WhatsApp ilikuwa inazunguka tu. Sasa fikiria seva iko Dar, nzima kabisa, diski safi, memori tele. Wakala aliye ndani angeandika "kila kitu shwari" wakati msomaji wa Nairobi au London anahangaika kuufungua ukurasa. Mlinzi aliye ndani ya geti hajui kama barabara imefungwa. Ndiyo maana fundi ameweka pia jicho la nje, linalojaribu kuifungua tovuti kama msomaji wa kawaida.

Na ameweka kanuni nyingine ninayoipenda: wakala asiposema chochote kwa dakika tano, hiyo yenyewe ni taarifa. Watu wengi hudhani mfumo wa ufuatiliaji unasikiliza kelele tu, kumbe kazi yake ngumu zaidi ni kusikia kimya. Nikafikiria kazi yetu. Zahanati iliyokuwa inalalamika dawa hakuna, na ghafla hailalamiki tena, imepata dawa au imekata tamaa? Kijiji kilichokuwa kinapiga simu kila wiki kuhusu ardhi, na sasa hakipigi, kimepata haki au kimeogopa? Sisi tunakimbilia kwenye kelele. Nani ameandika kanuni ya dakika tano kwa ajili yao?

Nisikufiche, wiki ya kwanza ilikuwa vurugu. Simu ya fundi ililia mpaka mkewe akatishia kuitupa kisimani. Prosesa ikipanda kwa sekunde kumi, kengele. Nakala ya akiba ikianza usiku, kengele. Mlinzi anayepiga filimbi kila paka akipita, baada ya siku tatu hakuna anayeamka. Ikabidi apange upya: kelele ipigwe tu kama hali imedumu dakika kumi, na kwa diski kuwe na onyo la mapema ikifika asilimia 80, linalokuja kwa barua pepe mchana na kumwacha mtu alale.

Dada wa mahakama nilimrudishia majibu yake: barua pepe hazisomwi, na orodha ya kinachosomwa imebandikwa ukutani karibu na mashine ya kuchapia, kwa Kiswahili, mistari kumi na miwili. Aliisoma yote akiwa amevaa miwani. Akasema, "Sasa hii ndiyo naielewa. Na siku wakiongeza mstari wa kumi na tatu, nani atatuambia?"

Swali zuri kuliko yote niliyouliza mimi. Tulichokubaliana na fundi ni kwamba faili la mipangilio halibadilishwi bila karatasi ya ukutani kubadilishwa siku hiyo hiyo, na mhariri kutia saini. Ni utaratibu wa kizamani, kalamu na karatasi, lakini unafanya kazi hata umeme ukikatika.

Usione vyaelea, vimeundwa. Hata wewe unayesoma hapa ofisini kwako, kwenye benki, hospitali au shirika, kuna uwezekano mkubwa kuna wakala wa namna hii anazunguka kwenye seva zinazobeba mambo yako. Pengine ni mlinzi mwema kabisa. Muulize tu mtu wako wa IT maswali matatu, kwa heshima na kwa chapati: anasoma nini, anampelekea nani, na kamba yake ni ndefu kiasi gani. Ukipata jibu la mstari mmoja, agiza chai nyingine ukae.

Haya, nimewachosha. Kesho narudi kwenye siasa, nako kuna mawakala wengi tu.